Mtoto wa Nguchiro Aliyelia Kila Jua Likizama

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri, ila mmeitika kwa kelele mno. Kuna mtoto mchanga hapo nyuma mgongoni kwa mama yake, ndiyo kwanza anasinzia, na mkimwamsha sitambembeleza mimi. Haya, itikeni tena, polepole. Paukwa.

Pakawa.

Naam. Sasa tumeelewana.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, palikuwa na kundi la nguchiro. Nguchiro mnawajua. Wanyama wadogo, wembamba, mgongo una mistari, miguu mifupi, haraka haraka, kila saa wana shughuli. Nguchiro hawakai mmoja mmoja. Wanatembea pamoja, wanakula pamoja, wanalala pamoja. Nguchiro akiwa peke yake si nguchiro tena, ni chakula cha mtu.

Kundi hili lilikuwa na nguchiro ishirini na mmoja. Walilala ndani ya vichuguu, vile vikubwa vya zamani vyenye milango mingi. Wanalala kichuguu hiki siku tatu, siku nne, halafu wanahama, wanaenda kingine, kwa sababu ukikaa sana mahali pamoja harufu yako inakwenda kukusema kwa maadui. Aliyeamua lini wahame alikuwa Bibi Mashavu, mkubwa wao. Bibi Mashavu alikuwa na sikio moja na nusu. Nusu nyingine iliondoka na mwewe, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Katika kundi hilo alikuwamo Siwema. Siwema alizaa watoto wanne. Watatu hawakumaliza wiki. Baba yao alichukuliwa na tai mchana kweupe, wote wakimwona, kabla watoto hawajafumbua macho. Akabaki mtoto mmoja, Mbaruku. Kwa hiyo Siwema alikuwa na vitu viwili tu duniani, Mbaruku na woga. Akila, anaogopa. Akilala, anaogopa. Mtoto akipiga chafya, moyo wake unaruka, du. Mtoto asipopiga chafya, anajiuliza mbona hapigi.

Na Mbaruku alikuwa analia.

Mchana alikuwa mtoto mzuri, ananyonya, anacheza na mkia wake, hana neno na mtu. Lakini jua likianza kushuka, likigusa kilima, anaanza. Kriii. Kidogo kwanza. Kriii, kriii. Halafu kwa nguvu zote: kriii, kriii, kriii, kriii. Analia jua likizama, analia wekundu ukiisha angani, analia mpaka sauti inamkauka. Ndipo anapolala kwa kuchoka, na kundi zima limechoka kuliko yeye.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ndimo mambo yalimojificha. Kwa nguchiro, mtoto si wa mama yake. Mtoto ni wa kundi. Hata maziwa ni ya wote, mwenye ziwa ananyonyesha aliye karibu. Na kila jioni mlezi mmoja hushika zamu ya kumlaza mtoto mchanga. Leo huyu, kesho yule. Mama asichoke, mtoto asikose mtu. Desturi nzuri sana, sitaki mtu aende nyumbani akaseme mimi nimeitukana.

Lakini kila mlezi alikuwa na mkono wake.

Mjomba Feruzi, kaka yake Siwema, zamu yake ikifika alimrusha Mbaruku juu, akamdaka, akamtekenya, akamrusha tena, kwa sababu aliamini mtoto akicheka sana atachoka. Naona kuna baba mmoja hapa ameinamisha kichwa. Endelea kuinamisha. Shangazi Mwanaidi yeye alimpa mguu wa panzi aufyonze, akamlaza mlango wa mashariki, akamwimbia nyimbo za ngoma mpaka mwenyewe akaanza kucheza. Bibi Mashavu alimgeuza uso ukutani, akamwambia lala, basi. Na walikuwapo wengine ambao walimtisha kwamba Nyegere anakuja.

Na Nyegere kweli alikuwa anakuja.

Nyegere mnamjua? Mgongo mweupe, tumbo jeusi, kucha ndefu, haogopi mtu. Nyegere hakimbii, hana haraka. Jioni anatoka, anatembea kichwa chini, anasimama, anasikiliza ardhi. Akisikia kitu kinalia chini, anachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Anachimba mpaka anakipata.

Asubuhi moja nguchiro walitoka nje wakaona ukuta wa kichuguu umekwaruzwa. Mistari mirefu, minne minne. Udongo mbichi umemwagika chini. Bibi Mashavu akanusa, akanusa tena. Halafu akaita kundi zima, akamwita na Siwema akae mbele.

Akasema, "Siwema, tunahama baada ya machweo matatu. Mtoto akiwa bado analia jua likizama, nyinyi wawili mtabaki hapa. Bila nyinyi tuko kumi na tisa, na wote tunataka kuamka."

Msimwone Bibi Mashavu kuwa mbaya. Alishazika wengi, na alishahesabu. Siwema alitazama nyuso za ndugu zake, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliona kitu cha kutazama chini. Akamchukua mwanawe kwa shingo akaingia naye shimoni. Alitaka kulia, lakini aliona katika familia hiyo mliaji mmoja anatosha.

Mpo?

Tupo.

Haya. Machweo ya kwanza.

Siku hiyo Siwema hakutafuta chakula, alitafuta ushauri. Akamkuta Kanga, akamweleza. Kanga akamwambia kosa lao ni kulala chini, mtoto apandishwe mtini, ashike tawi, atalala. Akamkuta Ngiri, ametoka kugaagaa topeni. Ngiri akamwambia yeye huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, meno nje, na watoto wake hivyo hivyo, na hakuna hata mmoja anayelia. Siwema akashukuru, akaondoka na yote mawili kichwani. Mtu mwenye hofu hachagui.

Jioni zamu ilikuwa ya Shangazi Mwanaidi. Siwema hakumwacha hata apumue. Akamwomba aanze na mguu wa panzi. Halafu akaona hapana, akampandisha mtoto juu ya kisiki ashike tawi. Mtoto akaanguka, pu. Akamshusha, akamwingiza shimoni kinyumenyume kama alivyoambiwa na Ngiri. Mtoto akalia. Akamwambia Mwanaidi aimbe. Akamwambia anyamaze. Akamhamisha mlango wa mashariki akampeleka wa magharibi. Akamrudisha. Kriii, kriii, kriii. Mwanaidi akachoka, akamwambia wifi, huyu mtoto umemzungusha mpaka mimi ndiye ninayeona kizunguzungu.

Na nje, juu ya vichwa vyao, wakasikia. Fff. Fff. Mtu ananusa.

Nguchiro wote wakakaa kimya. Mbaruku peke yake ndiye anayelia. Kwaru, ukuta wa kaskazini. Kwaru, kwaru. Udongo ukawaangukia migongoni. Siwema akamlalia mwanawe, akamficha chini ya tumbo lake, sauti ikapungua kidogo. Kwaru. Kichuguu kilikuwa cha zamani, kimekauka, kigumu. Nyegere akachimba, akaacha, akachimba, akaacha. Mwishoni mtoto akaishiwa sauti, Nyegere akaondoka, pole pole, hana haraka. Aliondoka kama mtu anayejua mahali pa kurudi.

Usiku wote hakuna aliyemlaumu Siwema kwa mdomo. Walimpa nafasi kubwa tu kuzunguka alipolala. Hilo lilimuuma kuliko maneno.

Machweo ya pili.

Zamu ilikuwa ya Bibi Mashavu. Siwema akamwendea, akainama, akamwomba ampe zamu yake. Bibi Mashavu akamnusa mtoto. Akamwambia achukue.

Siwema alikuwa hajala tangu jana, na kichwa hakina tena mashauri. Aliogopa kile kilio kuliko alivyomwogopa Nyegere, akaona bora aanze mapema, kabla jua halijagusa kilima. Akamtoa Mbaruku mlangoni, akamgaagaza tumbo kwenye vumbi lililokuwa bado na joto la mchana. Akamnyonyesha. Akamwingiza ndani, akampitisha kwa kila mtu, amnuse Feruzi, amnuse Mwanaidi, amnuse Bibi Mashavu na sikio lake bovu. Akamlamba sikio la kulia. Akamlamba sikio la kushoto. Akamwimbia, kwa sauti ndogo, maneno aliyoyaokota hapo hapo kwa kutazama ukuta wa nyumba:

Mchwa wamefunga,
nasi tumefunga.
Mchwa wamelala,
nasi tunalala.

Akamlaza.

Jua likagusa kilima. Mbaruku akafungua mdomo. Kriii.

Siwema akakaa kitako. Hakuwa na la kufanya tena. Wa kumuuliza hayupo, ujanja umekwisha. Na kwa sababu hakuwa na jipya, akarudia la zamani. Akamchukua mwanawe mlangoni, vumbi. Akamnyonyesha. Akampitisha, Feruzi, Mwanaidi, Bibi Mashavu. Akamlaza ubavuni pake, akamlamba sikio la kulia, huku mtoto analia, kriii, kriii.

Na kabla hajafika la kushoto, Mbaruku akageuza kichwa, mwenyewe, akampa.

Siwema akaacha ulimi nje. Akatazama. Mtoto alikuwa amenyamaza, ametoa sikio la kushoto, anangoja. Akamlamba. Akaimba. Mchwa wamefunga, nasi tumefunga. Mtoto akalia tena, lakini kidogo, kama anayekumbusha tu. Siwema akaanza upya kwa mara ya tatu, vumbi, maziwa, salamu, sikio la kulia, na sikio la kushoto likaja lenyewe, na likaja pamoja na mwayo. Wimbo haukufika mwisho. Mbaruku alikuwa amelala, na nje bado kulikuwa na mwanga.

Siwema akakaa gizani akiwaza. Akaelewa. Tangu mtoto huyu azaliwe, kila jioni ilikuwa nchi ngeni kwake. Jana karushwa juu, leo kageuziwa ukuta, kesho atatishwa, na shimo lenyewe ni jipya kila baada ya siku tatu. Jua likishuka, hajui atafanyiwa nini wala na nani. Hata yeye, mtu mzima, angelia. Na jana yeye mama yake ndiye aliyezidisha, kwa mapenzi yake yote, akamfanyia mambo kumi kwa jioni moja. Alijisikia vibaya mno, na alijisikia vizuri mno, vyote pamoja, na hakulala.

Nyegere jioni hiyo alipita. Fff, fff. Akasikiliza. Hakusikia kitu. Akaenda zake.

Lakini machweo yalibaki mamoja, na zamu ya machweo hayo ilikuwa ya Mjomba Feruzi.

Asubuhi Siwema akamwendea kaka yake. Akamweleza taratibu. Akamwambia kwanza vumbi, mlangoni, kabla jua halijagusa kilima. Halafu Mwanaidi amnyonyeshe. Halafu salamu kwa watu wote. Halafu sikio la kulia, halafu la kushoto, usianze na la kushoto. Halafu wimbo. Halafu alale. Bila kurusha, bila kutekenya.

Feruzi akakunja uso. Akasema mbele ya watu kwamba amelaza watoto wa kundi hili kabla Siwema hajajua kuvunja yai, na kwamba hajapata kuona tangu azaliwe mama akimwamrisha mlezi mwenye zamu. Wengine wakaitikia kwamba hiyo kweli ni ngeni. Bibi Mashavu alikuwa karibu, anakuna mgongo kwenye jiwe. Alisikia yote, akaendelea kujikuna.

Siwema akarudia kumweleza. Feruzi akajifanya anatafuta kupe tumboni. Akarudia mara ya tatu.

Feruzi akasema, "Nimesikia."

Basi, hilo tu. Hakusema nitafanya. Alisema amesikia, na mnajua wanaume wanavyosikia.

Siwema hakuwa na njia. Bibi Mashavu alitoa zamu yake kwa hiari, Feruzi hakuitoa. Desturi ni desturi, na akimnyang'anya Feruzi zamu mbele ya watu atakuwa amejiondoa kwenye kundi kabla hajaondolewa. Feruzi na Mwanaidi wakabaki kichuguuni na mtoto. Wengine wakaondoka kwenda kutafuta mbawakawa kwenye mavi ya nyati, mbali, ng'ambo ya korongo. Siwema akaenda nao, maana kwa desturi anayebaki na mtoto ni mlezi, si mama. Wenzake walipekua, walivunja, walikula, kapu kapu kapu. Yeye kila baada ya pumzi mbili anasimama kwa miguu ya nyuma, anatazama kichuguu. Anatazama jua. Anatazama kichuguu. Bibi Mashavu alimsukumia mbawakawa mmoja mnene kwa pua, akamwambia ale. Akammeza bila kumtafuna, hakujua hata ana ladha gani.

Jua likaelekea kilima. Kundi likashika njia ya kurudi, mbio mbio, mkia kwa mkia. Siwema alikuwa wa mwisho. Siku mbili bila kula si mchezo, miguu ilikuwa mizito. Wenzake wakavuka korongo, yeye bado anashuka. Wakafika kichuguuni, yeye ndiyo kwanza anapanda. Wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja anawahi, hakuna aliyegeuka kuhesabu.

Alipotokeza juu ya korongo, mbele yake, kati yake na kichuguu, nyasi zikagawanyika. Mgongo mweupe ukapita. Nyegere.

Siwema akalala chini. Tumbo ardhini, kidevu ardhini. Upepo ulikuwa unakuja kwake, ndiyo bahati aliyobaki nayo. Jua lilikuwa limekwisha kugusa kilima.

Nyegere akafika kwenye kichuguu. Akaweka sikio ukutani. Fff. Akazunguka, mlango wa mashariki, fff. Mlango wa magharibi, fff. Akapanda juu, akashuka. Siwema anatazama na hawezi kufanya kitu. Akipiga kelele, anakuja kwake, na wa ndani watatoka wampiganie, na mtoto atabaki peke yake. Akikaa kimya, anakaa kimya tu. Moyo wake ulikuwa unapiga ardhi mpaka akaogopa Nyegere atausikia. Du, du, du. Moyoni mwake anasema, Feruzi, usimrushe. Feruzi, kaka yangu, sikio la kulia kwanza.

Halafu akasikia.

Kriii.

Kwa nguvu zote. Nyegere akageuka. Akaja pale pale sauti ilipotokea, upande wa magharibi. Akanyanyua mkono. Kwaru. Kriii. Kwaru, kwaru. Kipande cha ukuta kikaanguka. Upande huo udongo ulikuwa laini kuliko kwingine, Siwema aliuona unavyomwagika. Kriii, kriii. Kwaru, kwaru, kwaru.

Na kilio kikakatika.

Hakikupungua. Kilikatika katikati. Kri, kimya.

Nyegere akasimama, mkono umening'inia. Akasikiliza. Na Siwema naye akasikiliza, na wote wawili hawakusikia kitu.

Jamani, hapo ndipo Siwema alipokaribia kupoteza akili. Maana aliwahi kusikia habari za kundi moja la zamani ambalo adui alikuja mlangoni na mtoto analia, wakamkalia mtoto ili anyamaze. Alinyamaza. Hakulia tena siku hiyo wala siku nyingine. Habari hizo husemwa kwa kunong'ona, na hakuna anayewalaumu waliofanya, kwa sababu wote walipona. Siwema alimjua kaka yake. Alijua Feruzi ni mwoga. Alijua mikono ya mwoga inavyobana. Akauma nyasi asipige kelele.

Nyegere akapeleka sikio hapa, akapeleka kule. Kichuguu kina milango mingi na vyumba vingi. Bila sauti, ni ukuta tu. Akachimba kidogo, kwaru, bila moyo. Akangoja. Akangoja sana. Jua likazama lote. Halafu akapiga chafya ya vumbi, akajikuna, akaenda zake upande wa mtoni, kichwa chini, pole pole kama kawaida yake.

Siwema hakumbuki alivyofika. Alijikuta ndani. Giza tupu, miili imebanana, wote kimya. Akapita juu ya migongo. Akanusa, huyu si yeye. Huyu si yeye. Akamfikia Feruzi. Feruzi amelala ubavu, na mikononi mwake kuna kitu kidogo hakitikisiki.

Siwema akaweka pua kwenye tumbo la mwanawe. Akangoja.

Tumbo likapanda. Likashuka. Likapanda.

Hakuuliza. Feruzi ndiye aliyesema.

"Nilikuwa kwenye sikio la kulia Nyegere alipopita juu yetu. Akapiga kelele. Nikaogopa, dada, niliogopa sana. Sikujua la kufanya, nikafanya lililofuata."

Lililofuata lilikuwa sikio la kushoto. Mtoto alikuwa analia, ukuta unabomoka, udongo unawaingia machoni, na Feruzi akalamba sikio la kushoto. Mbaruku akakata kilio katikati, akageuza kichwa. Halafu Feruzi akaimba wimbo wa mchwa, bila sauti, kwa pumzi tu, kwenye lile sikio lililolowa. Alisema alikosea maneno. Alisema hata yeye mwenyewe alipofika kwenye nasi tunalala alikuwa haogopi kama mwanzo, ingawa Nyegere alikuwa bado anachimba.

Siwema akamshukuru. Akalala pembeni ya mwanawe. Na sasa niwaambie jambo ambalo hakumwambia mtu. Alifurahi, alifurahi mpaka kifua kikamuuma, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kidonda kidogo. Jioni zote alipokuwapo, ukiacha ile ya jana, mtoto alilia mpaka akachoka. Jioni moja hakuwapo, mtoto amelala mikononi mwa mtu mwingine, na amelala fofofo. Alitamani kumwamsha. Kidogo tu, afumbue macho, amwone mama yake ni mzima, amejaa vumbi na amefika. Alisogeza pua karibu na lile jicho lililofumba. Halafu akairudisha. Hakumwamsha.

Wenye watoto mnajua, jioni hiyo ndiyo aliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Asubuhi kundi likahama. Bibi Mashavu hakutangaza kitu. Hakusema Siwema njoo, hakusema Siwema baki. Alitoka nje, akanusa pale ukuta ulipobomoka, akashika njia, na wengine wakafuata mkia kwa mkia. Siwema alisimama mlangoni na mwanawe mdomoni, hajui kama anaruhusiwa kunyanyua mguu.

Mstari ukasimama. Bibi Mashavu alikuwa ametoka mbele, anarudi nyuma, anawapita wote, mpaka akafika kwake. Akasimama mbele yake kwa sikio moja na nusu.

Akasema, "Leo jioni zamu ni yangu. Nieleze tena, baada ya salamu ni sikio lipi?"

Siwema akamweka mtoto chini ili apate kusema, na mambo yote saba akamweleza pale pale, na Bibi Mashavu alipokosea akamsahihisha, na Bibi Mashavu akakubali kusahihishwa.

Tangu siku hiyo nguchiro hubadilisha shimo kila baada ya siku tatu, na walezi hubadilishana zamu kila jioni, ila kumlaza mtoto hawabadilishi. Vumbi, maziwa, salamu, kulia, kushoto, wimbo, lala.

Na mafundisho yake ni haya, wakubwa na wadogo. Mtoto mchanga hajui saa, wala hajui kwamba kesho ipo. Anajua tu lililofuata jana. Mfanyieni lile lile, kwa mpangilio ule ule, kila jioni, na kila anayemshika aujue mpangilio huo, si mama peke yake. Msimbadilishie kila siku kwa kudhani mnampenda zaidi. Atalala, na nyinyi mtalala.

Hadithi yangu imeishia hapo. Waliolala wamelala, na waliobaki macho waende wakalale.